Kujiamini na msaada wa Serikali: namna mwanamke wa Unguja na Pemba anavyoweza kuidumisha biashara yake

Mwongozo huu unamhusu mwanamke ambaye tayari anauza kitu, iwe vitumbua mlangoni, sabuni ya mwani, kofia za kushona kwa mkono, ukili, kamba za usumba au nguo za watoto, na ambaye anaona kwamba biashara inakwenda lakini haikui. Kwa ninavyoona mimi, biashara nyingi za wanawake wa visiwani haziondolewi sokoni na uchache wa wateja. Hudhoofika polepole, mtaji ukiliwa kidogo kidogo nyumbani na mtaani, mpaka siku moja mwenye biashara anakwenda kuomba mkopo akiamini kwamba fedha ndiyo iliyopungua. Mkopo ukipatikana nao huliwa kwa njia zile zile, na safari hii linabaki deni.

Kujiamini na msaada wa Serikali huzungumzwa kama mambo mawili mbalimbali, moja la moyoni na jingine la ofisini. Ninaamini yote mawili yanatoka mahali pamoja, napo ni kwenye daftari la mauzo na matumizi. Mwanamke anayezijua hesabu zake huzungumza bila kubabaika mbele ya mteja, mbele ya mume na mbele ya afisa wa mikopo, na ofisi ya Serikali kwa upande wake haiwezi kumsaidia mtu ambaye biashara yake haionekani popote katika maandishi. Kwa hiyo nitaanza na hesabu, kisha nitakwenda kwenye muhali, karatasi, ofisi, na mwisho mkopo. Nasisitiza kwamba mkopo uje mwisho.

Hesabu kwanza

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la shilingi mia chache linatosha, nalo liandikwe kila siku kabla ya kulala: kilichonunuliwa, kilichouzwa, kilichokopwa na kilichotolewa bure.

Tuchukue mfano wa mama anayepika vitumbua Chake Chake na kuvipeleka sokoni asubuhi. Bei nitakazotumia ni za kukisia, kila msomaji aweke za kwake. Mchele kilo 2 umemgharimu shilingi 5,600, nazi nne shilingi 4,000, sukari shilingi 1,500, hamira na iliki shilingi 900, mafuta shilingi 2,500 na makaa shilingi 2,000. Jumla ni shilingi 16,500. Amepata vitumbua 110, na kwa bei ya shilingi 200 kimoja anatarajia shilingi 22,000. Mama huyu akiulizwa faida yake atajibu kwamba ni shilingi 5,500 kwa siku, na atasema hivyo kwa moyo safi.

Lakini kuna nauli ya daladala shilingi 1,000, mifuko ya kufungia shilingi 500 na ada ya meza shilingi 500, na faida imeshuka hadi shilingi 3,500. Kuna pia vitumbua kumi ambavyo havikuuzwa: vinne vimeliwa na watoto kabla ya skuli, vitatu vimepelekwa kwa wifi, vitatu amepewa jirani aliyepita kusalimia. Thamani yake ni shilingi 2,000. Faida iliyobaki mkononi ni shilingi 1,500, na hapo hatujahesabu kwamba mama huyo aliroweka mchele tangu jioni, akasaga, akakuna nazi na kuamka kabla ya adhana ya alfajiri.

Hesabu hii haikuandikwa ili kumkatisha tamaa. Sasa anajua kwamba kitumbua kimoja, nauli, mifuko na meza zikihesabiwa, kinamgharimu takriban shilingi 168, na mteja wa jumla akitaka kuvichukua kwa shilingi 150 hana haja ya kusitasita wala kuona haya kukataa. Anajua pia pa kugusa. Anaweza kuungana na wenzake wanne wakanunua gunia la mchele badala ya kununua kilo mbili mbili dukani, anaweza kutafuta oda ya kudumu ya skuli au ofisi iliyo karibu ili apunguze nauli na vinavyobaki, au anaweza kupandisha bei kidogo siku za sikukuu ambapo wateja wenyewe hutafuta. Kujiamini ninakokusudia ni huku, na hakuhitaji sauti kubwa wala maneno mengi.

Hesabu ya mwezi nayo ifuate misimu yetu. Anayeuzia hoteli na wageni wa pwani ya mashariki anajua kwamba masika, hasa Aprili na Mei, hoteli nyingi hupungukiwa na wageni na baadhi hufunga. Anayeuza Pemba anajua tofauti ya mzunguko wa fedha wakati wa msimu wa karafuu na nje ya msimu. Mkulima wa mwani hufanya kazi yake kwa bamvu, maji yanapotoka sana. Na mpishi wa vitafunio hubadili kabisa mtindo wa kazi Ramadhani inapoingia. Daftari la mwaka mzima litaonesha miezi ya kuweka akiba na miezi ya kuila, na litakuwa na manufaa makubwa siku ya kupanga marejesho.

Muhali

Hapa ndipo penye ugumu, na ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Sisi ni watu wa kuoneana muhali, yaani kuona haya kumkatalia mtu, jambo ambalo ni sehemu ya utu wetu na sitaki lipotee. Lakini biashara ndogo haiwezi kubeba muhali wa mtaa mzima. Jirani anachukua bidhaa na kusema atalipa Ijumaa, Ijumaa inapita, na mwenye mali anaona haya kumkumbusha kwa sababu wanakutana kila siku kisimani au kwenye maulidi. Shoga, yaani rafiki wa kike, anaomba apunguziwe kwa sababu ya ushoga wenu huo. Ndugu anahitaji nauli na fedha iliyo karibu ni ya mauzo.

Ushauri wangu wa kwanza ni kuamua mapema badala ya kuamua mbele ya mtu. Tengeni fungu la hisani, mathalani vitumbua vitano kwa siku au kipande kimoja cha sabuni kwa kila kumi, na liandikwe kwenye daftari kama gharama. Fungu likiisha, jibu linakuwa tayari, nalo halimkashifu mtu: "La leo limeshatoka, inshaallah kesho." Ushauri wa pili ni kuweka kanuni ya mkopo ambayo inatamkwa kwa kila mtu kwa maneno yale yale, kwamba mkopo ni wa wiki moja na aliye na deni hapewi tena mpaka amalize. Kanuni inayowahusu wote haimuumizi mmoja. Walio katika kikundi wana nafuu zaidi, kwa sababu wanaweza kusema kwa ukweli kwamba kikundi ndicho kilichokataa.

Suala la mume na fedha ya mke lizungumzwe siku ya utulivu, siyo siku ya shida. Katika dini yetu mali ya mke ni yake, na matumizi ya nyumba ni wajibu wa mume. Bi Khadija bint Khuwaylid alikuwa mfanyabiashara wa misafara kabla ya kuolewa na Mtume, na habari zake hazina haja ya kuelezwa upya kwa Waislamu. Hata hivyo wanawake wengi husaidia nyumbani kwa hiari yao, na hilo ni jambo la heri. Ninachoomba ni kwamba kila shilingi inayotoka kwenye biashara kwenda jikoni iandikwe, na kwamba mwenye biashara ajipangie posho ya wiki badala ya kuchota kila inapobidi. Laini moja ya simu iwe ya biashara peke yake, na fedha ya mauzo isilale katika pochi moja na ya matumizi ya nyumbani.

Na jambo moja niliseme bila kuzunguka: mwanamke asichukue mkopo kwa jina lake ili mtu mwengine autumie, hata akiwa mume, kaka au mtoto wake wa kumzaa. Saini ni yake na atakayetafutwa ni yeye.

Karatasi zinazoifanya biashara ionekane

Msingi ni Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi na barua ya sheha, kiongozi wa Serikali katika shehia, inayothibitisha makaazi na shughuli. Sheha amwone mwenye biashara mapema na aijue kazi yake, maana barua inayoombwa haraka siku ya mwisho ya kupeleka maombi huleta usumbufu kwa pande zote mbili.

Jina la biashara husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali (BPRA). Leseni hushughulikiwa katika baraza la manispaa, la mji au la wilaya kulingana na mahali biashara ilipo, na kodi ni suala la Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA). Anayeogopa kwamba kusajiliwa ni kujiletea kodi nampa ushauri aende na daftari lake akaulize anaangukia wapi kwa kiwango chake cha mauzo, kwa sababu hofu isiyo na tarakimu huwazuia wengi kuuza kwa hoteli na ofisi zinazodai risiti. Wanaofanya kazi kwa pamoja wanaweza kusajili ushirika kupitia maafisa ushirika wa wilaya, na hapo watahitaji katiba ya kikundi, orodha ya wanachama na kumbukumbu za mikutano.

Bidhaa za kula na za kupaka mwilini zina mlango wake. Chakula na vipodozi vinasimamiwa na Wakala wa Chakula na Dawa (ZFDA) chini ya Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya Zanzibar Namba 2 ya 2006, na alama ya ubora hutolewa na Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS). Anayetengeneza achari, unga wa viungo, mafuta ya nazi au sabuni asisubiri mpaka duka kubwa limkatalie. Aanze na yaliyo mikononi mwake: wapishi wapimwe afya, mahali pa kazi patenganishwe na jiko la nyumbani kadiri inavyowezekana, na kila chupa iwe na lebo yenye jina la bidhaa, viambato, uzito, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Aliye na nia ya kuvuka na bidhaa hadi Dar es Salaam aulize masharti ya upande wa pili kabla ya kupakia boti.

Karafuu nazo zina utaratibu wa peke yake, kwa kuwa ununuzi wake uko mikononi mwa Shirika la Biashara la Taifa (ZSTC). Mwenye wazo la kufanya biashara inayotokana na mkarafuu azungumze na shirika hilo kabla ya kuweka mtaji.

Kujua unachokiomba

Wengi wakisikia msaada wa Serikali hufikiria fedha taslimu. Mfano mzuri wa upana wa jambo hili ni mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza mwaka 1989 katika pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, na mpaka leo wakulima wake wengi ni wanawake. Aina ya mwani iitwayo kotonii ina bei nzuri kuliko ile iitwayo spinosam, lakini haistahimili maji ya kina kifupi yanayopata joto kali, na kuipeleka kwenye maji marefu kunahitaji boti na kujua kuogelea. Kikundi cha akina mama wa mwani kikienda ofisini kuomba "mkopo" kitaulizwa ni wa nini, na huenda kikaondoka na fedha isiyotatua shida yao. Kikienda na maelezo kwamba kamba zao ziko mahali ambapo mwani hufa miezi ya joto, na kwamba wanahitaji chombo, vifaa vya kuelea na mafunzo ya kuogelea, kitakuwa kimeomba jambo linaloingia moja kwa moja katika sera ya uchumi wa buluu, yaani uchumi wa bahari, ambayo chini yake Serikali imewahi kugawa boti kwa wavuvi na wakulima wa mwani. Kwa upande wa Pemba wafuatilie pia kinachoendelea katika eneo la viwanda la Chamanangwe, ambako Serikali iliamua kuweka kiwanda cha mwani, kwa kuwa mahitaji ya kiwanda ya ubora na ukavu wa mwani ndiyo yatakayoamua bei ya mkulima.

Vivyo hivyo kwa mafunzo. Vituo vya mafunzo ya amali vipo Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji, na vingine vimeongezwa baadaye. Huko Kinyasini, Barefoot College imekuwa ikiwafundisha wanawake wa vijijini kazi ya umeme wa jua, na wapo waliorudi vijijini mwao wakiwa mafundi. Maonyesho ya biashara ya mwezi wa Januari, yanayofanyika katika shamrashamra za Mapinduzi, na yale ya Nanenane huko Dole Kizimbani yana faida kwa anayejitayarisha. Apeleke bidhaa chache zilizofungwa vizuri na daftari la kuandika majina na namba za wanaotaka kununua kwa jumla. Kuuza siku ya maonyesho kuna furaha yake, lakini oda zinazofuata ndizo zinazolipa gharama ya meza.

Mbele ya afisa

Taasisi ya kuanzia ni Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi Zanzibar (ZEEA), iliyoundwa mwaka 2022, ambayo hutoa mikopo isiyo na riba kwa wajasiriamali kwa kushirikiana na benki. Kwa jamii yetu kukosekana kwa riba ni jambo zito, na wapo wanawake ambao kwa sababu hiyo tu hawakuwahi kukanyaga benki kabla. Ofisa wa maendeleo ya jamii wa wilaya naye afikiwe, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye mwenye habari za nafasi zinazofunguliwa kabla hazijaenea.

Kabla ya kwenda, andika katika ukurasa mmoja mambo haya: unauza nini, wapi na kwa nani, mauzo na faida ya miezi mitatu iliyopita, unahitaji nini, kitaongeza mauzo kwa kiasi gani, na utarejesha kiasi gani kwa mwezi. Msomee mtu huo ukurasa kwa sauti, dada au mwanakikundi mwenzako, na umwachie akuulize maswali magumu. Anayekwama mbele ya dada yake arudi kwenye daftari, maana jibu lililokosekana ni la hesabu.

Ofisini, salamu na adabu zibaki kama zilivyo, lakini hakuna haja ya kuinama na kusema "mimi biashara yangu ndogo tu, nisaidieni." Mkopo wa Serikali ni haki inayofuata masharti, na anayeomba ni raia mwenye kazi. Anza na tarakimu: "Napika vitumbua 110 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, na nimekosa oda mbili kwa sababu sufuria na jiko langu havitoshi." Ukiambiwa urudi siku nyingine, uliza kwa upole urudi na nini, uandike jina la aliyekuhudumia na tarehe. Ukipewa orodha ya masharti, omba iwe ya maandishi au iandike mbele yake na umsomee. Weka nakala ya kila fomu uliyojaza. Ombi likikataliwa, uliza sababu, kwa kuwa sababu moja iliyotajwa waziwazi inaweza kurekebishwa na ombi jingine likapelekwa.

Walio katika vikundi vya hisa, yaani vya kuweka akiba na kukopeshana, wasidharau kile walicho nacho. Sanduku la kufuli tatu, vitabu vya wanachama na kumbukumbu za mikopo iliyorejeshwa kwa wakati ni ushahidi kwamba mwanamke huyu ameshakopa na kulipa. Aende na kitabu chake cha hisa mkononi. Mwanakikundi aliyewahi kusimama mbele ya wenzake ishirini na kutetea mkopo wake wa shilingi laki moja ameshajizoeza kile atakachokifanya mbele ya afisa.

Kiasi cha mkopo

Turudi kwa mama wa vitumbua. Mkopo wa shilingi 1,000,000 usio na riba, wa miezi 12, unamtaka alipe kiasi cha shilingi 83,300 kila mwezi. Kwa faida halisi ya shilingi 1,500 kwa siku, siku 26, anapata shilingi 39,000 kwa mwezi, kwa hiyo mkopo huo utamzamisha. Hata akiuza vyote na kupata shilingi 3,500 kwa siku, atakuwa na shilingi 91,000, na karibu zote zitakwenda kwenye rejesho. Mkopo wa shilingi 300,000 unamtaka alipe shilingi 25,000 kwa mwezi. Huo anaumudu, na unatosha kununua jiko kubwa, sufuria na magunia ya kwanza ya mchele. Ofisi ikimpa zaidi ya alichoomba, anayo haki ya kukataa ziada.

Fedha ikiingia, itumike kwa lile lililoombewa ndani ya wiki hiyo hiyo, na stakabadhi zihifadhiwe. Rejesho litengwe kila siku, siyo mwisho wa mwezi: shilingi 25,000 kwa siku 26 ni chini kidogo ya shilingi 1,000 kwa siku. Kama biashara inategemea wageni, karafuu au bamvu, omba kabla ya kusaini ratiba inayozingatia hilo, maana baada ya kusaini nafasi ya kujadiliana hupungua sana.

Ikitokea maradhi, msiba au msimu kuharibika na mwezi ukaonekana hautalipika, nenda ofisini kabla ya tarehe ya rejesho, na daftari mkononi. Onesha mauzo yaliyoshuka, sema kiasi unachoweza kulipa mwezi huo na lini utafidia pengo, kisha omba makubaliano hayo yaandikwe. Usizime simu, na usikope kwa mtu wa mtaani ili kulipa mkopo wa Serikali.